Anasoma hadi usiku wa manane na alama haziongezeki: tatizo liko wapi?

«Mwalimu, naomba msaada wako. Nina kijana wa kidato cha tatu, yuko shule ya bweni upande wa Kakamega. Sisi tunaishi Kaptembwo hapa Nakuru. Ni mtoto wa bidii, likizo husoma mpaka nikamzimia taa. Lakini muhula uliopita alileta D+ katika Historia na C- katika Kiswahili. Historia anasema ni yale majina ya binadamu wa kale: anayakariri leo, kesho yamechanganyika. Kiswahili, anapenda sana hadithi na tamthilia, anaweza kukusimulia riwaya yote, lakini swali la fasihi anapata 6 kwa 20. Sarufi ndiyo usiseme, na hilo linanishangaza maana nyumbani tunaongea Kiswahili tu. Wenzake wanaoongea Kiluhya kwao wanamshinda! Baba yake anataka arudie darasa, au aache Historia abaki na somo la dini. Tena mchungaji wetu alimwambia habari za mtu kutoka kwa nyani ni kumpinga Mungu, na tangu hapo naona analichukia somo lenyewe. Miongozo nimenunua mpaka pesa zimeisha. Je, mtoto wangu ni mzito wa kichwa, ama tunakosea wapi?»

Mama, nianze na swali lako la mwisho maana ndilo linalokuumiza. Mtoto anayeweza kukaa jikoni akakusimulia riwaya nzima, wahusika kwa majina na matukio kwa mfuatano, hana kichwa kizito. Nimefundisha Kiswahili na Historia pamoja, kama walimu wengi wa masomo ya sanaa hapa Kenya, na mwanafunzi wa aina hii namjua vizuri. Daftari lake ni safi, kila sentensi kaipigia mstari, na karatasi za mtihani zikirudishwa yeye ndiye anayeshangaa kuliko mwenzake aliyekuwa akicheza. Kinachomwangusha ni kwamba masomo yote anayasoma kwa njia moja, yaani kusoma na kurudia kusoma, na njia hiyo humdanganya msomaji.

Humdanganya hivi. Ukisoma ukurasa mmoja mara ya tatu, macho yanateleza tu na kila neno unaona unalijua. Wepesi ule unauchukua kuwa ni ujuzi. Lakini mtihani hauji na ukurasa. Unampa mtoto karatasi tupu na kumwambia alete mwenyewe. Kukitambua kitu ukikiona ni kazi moja, kukitoa kichwani bila kukiona ni nyingine, na hii ya pili haipatikani kwa kufanya ile ya kwanza. Abiria wa matatu ya Kaptembwo anaweza kuijua kila kona ya barabara kwa miaka, lakini mpe usukani uone.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo walimu tunalitaja mara nyingi. Wanafunzi walipewa kifungu wakasome. Baadhi wakakisoma tena, wengine wakakifunika na kuandika kila walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki nzima, mambo yaligeuka: waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Sasa mwangalie kijana wako. Usiku anaenda kulala akijiona ameiva, na kweli kwa dakika zile ameiva. Mtihani huja wiki tatu baadaye.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kubadilisha hakigharimu hata shilingi. Asome mada mara moja kwa utulivu, afunge kitabu, achukue karatasi tupu aandike yote aliyobaki nayo. Itakuwa aibu kidogo mara ya kwanza. Kisha afungue kitabu ajisahihishe kwa kalamu nyekundu. Baada ya siku mbili arudie bila kusoma kwanza, na baada ya wiki tena. Mwambie mapema kwamba njia hii inachosha kuliko ile ya zamani na kwamba atajiona anarudi nyuma. Wengi huiacha siku ya tatu kwa sababu hiyo. Na taa, Mama, endelea kumzimia. Aliyesoma usiku kucha hukumbuka machache kuliko aliyelala.

Tuje kwa hao binadamu wa kale. Kwanza nikutoe wasiwasi: mada hiyo ni ya kidato cha kwanza, na katika karatasi ya pili ya Historia huwa ni sehemu ndogo tu. D+ haiwezi kuletwa na majina hayo peke yake. Ningekuwa na karatasi zake mbele yangu, mahali pa kwanza ambapo ningetazama ni vipengele vya alama 10, vile vinavyoanza kwa kumtaka «aeleze» mambo matano. Hapo kila hoja ina alama mbili, na hupati zote mbili kwa kutaja tu. Chukua swali la kawaida la jinsi moto ulivyobadilisha maisha ya binadamu wa kale. Mwanafunzi akiandika «moto ulimpa joto», amepata moja. Akiandika «moto ulimpa joto, hivyo akaweza kuhamia sehemu za baridi ambazo awali hangeishi», amepata mbili. Majibu anaandika kwa Kiingereza, lakini hesabu ni ile ile. Mtoto aliyekariri orodha huandika orodha, na nusu ya alama zinabaki mezani hata kama hakukosea neno. Mwambie akuletee karatasi ya mwisho, uhesabu mwenyewe ni mara ngapi mwalimu ameweka alama moja mahali palipostahili mbili. Huhitaji kuijua Historia ili kuhesabu hivyo.

Majina nayo yanamchanganya kwa sababu anayakariri matupu, bila kisa. Na huyu ni mtoto wa visa! Mpe kisa.

Kisa chenyewe kinaanza na viumbe wa kabla ya binadamu, na wawili kati yao walipatikana karibu na shule yake kuliko anavyodhani. Kwenye kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, Mary Leakey, mtafiti wa masalia ya kale, alipata fuvu la Proconsul mwaka 1948; aliishi kama miaka milioni 18 iliyopita. Fort Ternan, ukitoka Kisumu kuelekea Kericho, ndiko alikotoka Kenyapithecus, wa kama miaka milioni 14. Hawa hawakuwa watu, walikuwa sokwe wa kale. Kifurushi cha kwanza ni hicho.

Kifurushi cha pili ni wale waliosimama. Misitu ilipopungua na mbuga kupanuka, wakawa wapo viumbe wanaotembea kwa miguu miwili huku ubongo wao ukiwa bado mdogo, kama theluthi moja ya wetu. Huko Laetoli, Tanzania, kuna nyayo zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkeno miaka milioni 3.6 hivi iliyopita, na ukizitazama ni nyayo za mtu anayetembea wima. Lucy, aliyepatikana Hadar, Ethiopia, mwaka 1974, ni wa miaka milioni 3.2. Hawa wote ni Australopithecus. Kijana wako akishika jambo moja tu hapa, ashike hili: miguu ilitangulia ubongo kwa muda mrefu sana. Wanafunzi wengi huandika kinyume.

Cha tatu ni jamii ya Homo. Mikono ikiwa huru, kuna zana za mawe. Kwa zana kuna nyama na uboho. Meno na taya vinapungua, ubongo unakua. Homo habilis alitambulishwa mwaka 1964 kutokana na mifupa ya Olduvai, Tanzania. Homo erectus tunamjua vizuri zaidi kupitia mvulana wa Turkana, ambaye mifupa yake ya kwanza iliokotwa na Mkenya, Kamoya Kimeu, mwaka 1984: kiwiliwili na miguu karibu kama yetu, ubongo bado haujafika. Kisha Homo sapiens, ambaye masalia yake ya kale zaidi yanayojulikana yanatoka Jebel Irhoud, Morocco, kama miaka 300,000 iliyopita.

Na Zinjanthropus? Huyu ndiye mvurugaji. Mary Leakey alimpata Olduvai tarehe 17 Julai 1959, na ana umri wa miaka milioni 1.75, yaani aliishi wakati mmoja na watu wa jamii ya Homo. Mtoto anayepanga majina kwenye mstari mmoja kutoka sokwe mpaka sisi hana mahali pa kumweka. Hakuna mahali kwa sababu hayuko kwenye mstari huo: ni tawi la pembeni lililokufa bila kuacha kizazi. Kijana wako achore mti wenye matawi badala ya mstari, na sehemu kubwa ya mkanganyiko itaisha siku hiyo hiyo.

Nitaje na jambo ambalo walimu wengine hulikwepa. Elimu hii inasonga kuliko vitabu vya shule. Kitabu kitamwambia mtoto kwamba zana za mawe zilianza na Homo habilis. Mwaka 2023 watafiti walitangaza zana kutoka Nyayanga, kwenye rasi ya Homa kule Homa Bay, zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na 3, pamoja na mifupa ya viboko iliyochunwa nyama, na karibu nazo meno ya Paranthropus, jamaa wa yule Zinjanthropus. Nani alizitengeneza bado watu wanajadiliana. Mtihanini aandike kilicho kwenye kitabu cha kiada, kwa kuwa msahihishaji ana mwongozo wake. Ila ajue kwamba mjadala upo. Mtoto anayependa visa huamka akisikia kisa hakijaisha.

Halafu likizo ijayo, badala ya mwongozo mwingine, panda naye gari. Kariandusi, mahali palipofukuliwa zana za kale, iko njiani kuelekea Gilgil, karibu na Ziwa Elementaita. Atayaona mashoka ya mkononi yamelala pale pale yalipofukuliwa, mengine ya jiwe jeusi la volkeno linalong'aa, yamechongwa pande zote mbili hadi yakapata ncha. Aliyeyaona hayo haulizi tena tofauti ya zana za Olduvai na zilizofuata. Hyrax Hill iko hapa hapa mjini, ila mwambie asichanganye: pale Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938 makaburi na makazi ya wafugaji wa maelfu ya miaka iliyopita, wala si mamilioni. Kuna mashimo ya Wasirikwa, wafugaji wa zamani, na mwambani kuna vishimo vya kuchezea bao. Hiyo itamfaa katika mada za kilimo na za jamii za Kenya.

Kuhusu mchungaji, nisingependa mtoto akae katikati ya watu wawili anaowaheshimu wakivutana. Mambo mawili yanaweza kutuliza. Kwanza, hakuna anayefundisha kwamba mtu alitoka kwa nyani tunaowaona wakirukaruka Ziwa Nakuru. Nadharia ya mageuko inasema binadamu na sokwe mtu wana babu wa pamoja aliyeishi mamilioni ya miaka iliyopita, naye alishatoweka. Pili, silabasi yenyewe haimtaki mtoto achague. Inamfundisha nadharia kadhaa za asili ya binadamu: uumbaji wa Mungu, masimulizi ya jamii kama Gikuyu na Mumbi au Mwambu na Sela wa Wabukusu, na mageuko. Mtihani huuliza nadharia inasema nini na inategemea ushahidi gani. Anayeweza kueleza hoja asiyoiamini hajamkana Mungu. Ukimwonyesha mchungaji ukurasa huo wa kitabu, huenda mazungumzo yakawa mepesi kuliko unavyohofia; wachungaji wengi hawajapata nafasi ya kuuona.

Kiswahili sasa, na hapa nataka tuanze na hesabu. Mtihani mzima una alama 200: Insha 40, karatasi ya Lugha 80, Fasihi 80. Ndani ya ile karatasi ya Lugha, matumizi ya lugha, yaani hiyo sarufi inayomtisha, ni 40. Fasihi ina uzito maradufu ya sarufi, na fasihi ndiyo anayoipenda. Kwa hiyo nguvu zianzie huko.

Anapata 6 kwa 20 kwa sababu anasimulia. Swali likimtaka athibitishe usaliti katika kisa cha Lwanda Magere, ataandika ukurasa mzima: palikuwa na shujaa wa Waluo, mwili wake ulikuwa jiwe, maadui wakampa binti yao amwoe... Msahihishaji anasoma, anafurahia, anatafuta hoja hazioni. Jibu linalopata alama linaanza na hoja: mke anamsaliti mume. Kisha tukio lenyewe: Lwanda anaugua, anamwambia amchanje kivuli badala ya mwili, damu inatoka, na usiku mke anatorokea kwao kuitoa siri. Kisha matokeo: maadui wanakichoma mkuki kivuli, shujaa anakufa. Mistari mitatu, basi, anaruka kwenye hoja nyingine. Swali la dondoo, yaani la maneno yaliyonukuliwa kitabuni, lina utaratibu wake: muktadha wa alama 4 ni nani anasema, anamwambia nani, wapi, na kwa sababu gani. Akisahau kutaja mahali, moja imeenda. Hana haja ya kusoma riwaya upya. Achukue maudhui moja kila jioni ya prepu, aandike hoja tano za mtindo huo huku kitabu kimefungwa.

Miongozo uliyonunua si ya kutupwa. Inafaa baada ya kusoma kitabu chenyewe, kwa kulinganisha. Ikitangulia kitabu, humpa mtoto maneno ya mtu mwingine asiyoweza kuyatetea swali likigeuzwa kidogo.

Sarufi inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu umeuliza jambo la maana bila kujua. Inakuwaje mtoto aliyekua na Kiswahili ashindwe na wale wa Kiluhya? Sikiliza Kiswahili chetu cha Nakuru. «Kiti imevunjika.» «Vitabu zangu ziko wapi?» «Hizi watu zimechelewa.» Tunaelewana kabisa, na sioni haya kukizungumza sokoni. Lakini kimepunguza ngeli zikabaki mbili tatu, na mtoto wako amekua akisikia hivyo tangu azaliwe. Anapofika kwenye swali, sikio lake linamwambia «kiti imevunjika» ni sawa, na sikio ndilo analolitegemea. Mwenzake wa Kiluhya anatumia kila siku lugha ya Kibantu iliyoshika ngeli zake zote. Hajui sheria kwa majina, ila amezoea kwamba kitenzi na kivumishi hufuata nomino. Mtoto wa Kisumu anayeongea Dholuo hana mazoea hayo kwa kuwa lugha yake haina mfumo huo, na yeye huanza mwanzo, lakini angalau anajua kwamba anaanza mwanzo. Wa kwako anadhani ameshafika.

Kwa hiyo Kiswahili cha shule akichukue kama lugha ya pili inayofanana sana na yake. Na ngeli aache kuzikariri kwa sura ya neno. Ngeli huonekana kwenye upatanisho, jinsi nomino inavyoviburuta vitenzi na vivumishi. Mfano ninaoupenda ni kiboko. «Kiboko amezama ziwani, viboko wamezama.» «Kiboko kimevunjika, viboko vimevunjika.» Neno lile lile, wa kwanza ni mnyama, yuko A-WA, cha pili ni cha kuchapia, kiko KI-VI. Anayetazama kiambishi cha mwanzo wa nomino peke yake hatatoka hapo, naye ndiye anayeandika «kipofu kimeanguka». Zoezi lake liwe hili: achukue sentensi kumi za Kiswahili cha mtaani anazozisikia nyumbani, aziandike kisanifu, kisha azitie katika wingi. Wewe na wadogo zake mtakuwa kitabu chake cha mazoezi, na mtacheka.

Mnyambuliko, yaani kurefusha kitenzi kwa viambishi, nao una eneo moja linaloangusha wengi, kauli ya kutendea. Wanafunzi hukariri kwamba maana yake ni kufanya jambo kwa niaba ya mtu, basi. Lakini tazama: «Mama alinipikia uji», kwa niaba. «Mtoto alinikimbilia», mwelekeo. «Kisu cha kukatia mboga», kifaa. «Chumba cha kulalia», mahali. «Analilia nini?» swali la sababu. Ndiyo maana watahini hupenda sentensi kama «Juma alimpigia Asha mpira» na kuuliza maana zaidi ya moja: aliupiga kwa niaba ya Asha, au aliupiga kumwelekea Asha. Mtoto mwenye maana moja kichwani hubaki akitafuna kalamu. Uchanganuzi wa sentensi, vielelezo vya matawi na jedwali, ni suala la mazoezi tu. Sentensi moja kwa siku yatosha.

Sasa mapendekezo ya mzee wako. Kurudia darasa nakukatia mapema: haiwezekani. Wanafunzi wa kidato cha tatu mwaka huu wa 2026 ndio wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4. Nyuma yao hakuna kidato cha pili wala cha kwanza, kuna Gredi ya 10 ya mfumo mpya. Watafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka 2027, na mwaka huo hakutakuwa na kidato cha tatu cha kurudia.

Kuacha Historia ni jambo la kufikiriwa, na baba yake hajakosea kuliuliza. Ila mfanye hesabu kwanza. Tangu 2023 alama ya jumla hukokotolewa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano aliyofanya vizuri zaidi. Jumla ni saba. Akiwa na masomo manane, moja baya linaachwa nje. Akiacha Historia akabaki na saba, yote saba yanahesabiwa, na akiteleza kwenye Kemia hana pa kujifichia. Kama ana manane, mimi ningemwacha na Historia walau mihula miwili akijaribu njia hii mpya. Kama wakati huo hakuna kilichosogea, na mwalimu wa darasa akubali, iacheni bila majuto, isipokuwa kama anatamani kozi ya chuo inayoidai. Tuition ya likizo shuleni msiitegemee. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeikataza.

Kuna jambo moja katika barua yako ambalo siwezi kulijibu kwa maandishi. Mtoto anasimulia vizuri sana kwa mdomo, na karatasi inatoa 6. Mengi yake huenda ni ile mbinu ya kujibu niliyoeleza. Lakini pengo kubwa hivyo kati ya mdomo na kalamu wakati mwingine lina chanzo kingine. Mjaribu likizo hii: msomee swali la fasihi, ajibu kwa mdomo huku wewe ukiandika hoja zake, kesho yake mpe swali la aina hiyo ajibu kwa kuandika, kwa muda uliopimwa. Kisha mwambie akusomee ukurasa kwa sauti. Ukiona anaruka mistari, anabahatisha maneno kwa herufi ya kwanza, anageuza herufi, au anaandika polepole kupita kiasi kwa kijana wa umri wake, huenda ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, na hilo halihusiani na akili. Ukiona anakunja uso na kusogeza kitabu karibu, anza na kliniki ya macho katika hospitali ya kaunti. Na kama ile chuki ya somo imeenea hata kwa vitu alivyovipenda, halali usiku, hali chakula, hataki kurudi shuleni, basi suala si la Historia tena. Ongea na mwalimu mshauri wa shule, au piga simu ya bure ya Childline, 116, hata wewe mwenyewe kama mzazi.

Kwa tuhuma ya disleksia, nenda kwenye kituo cha tathmini ya elimu cha serikali, maarufu kama EARC. Ofisi ya elimu ya kaunti itakuelekeza kilipo. Nenda na karatasi zake tatu nne za mtihani, ripoti za mihula iliyopita, na yale majibu mawili uliyofanya naye nyumbani, la mdomo na la kuandika. Msichelewe, kwa sababu mtahiniwa aliyethibitishwa kuwa na hitaji maalum anaweza kupewa muda wa ziada katika KCSE, na ombi hilo hupitia shuleni pamoja na usajili mapema mwaka wa mtihani. Mkienda likizo ya Agosti, mtakuwa na muda wa kutosha kupata ripoti na kuifikisha kwa mwalimu mkuu kabla shule hazijafungwa Oktoba.